Ini la Mtu Asiyekunywa

Mwabungo,
20 Machi 1972

Kwako Bi Mwanaima, mshauri wetu wa gazetini,

Shikamoo bibi, na baada ya shikamoo nakuomba ukae vizuri, maana jambo langu ni refu, na mimi mwenyewe naliandika nikiwa nimesimama kwa sababu kiti chetu chenye mgongo mke wangu amekifunga kamba pamoja na vyombo vyake, yuko tayari kurudi kwao Jego, na kinachomrudisha si mwanamke wa nje wala si kipigo wala si njaa, ni ini langu.

Jina langu naomba ulifiche kabisa, maana hapa Mwabungo mimi ni mtu wa kujulikana, nina mangwe yangu ya kuuzia mnazi, ile iliyo karibu na kisima yenye paa jipya la makuti, nagema mwenyewe nauza mwenyewe, umri wangu ni miaka arobaini na mitatu. Lakini nauza tu, kunywa sinywi. Hilo nakuomba ulishike kabla sijaenda mbele, kwa sababu miaka kumi na mmoja iliyopita nilipokwenda kumposa Kanze, ndiye huyu mke wangu, alinitazama machoni mbele ya watu wake wote akasema, "Mimi mlevi simtaki, baba yangu mnazi umemla mpaka tumbo likavimba na macho yakawa rangi ya bizari, tumemzika ana miaka arobaini na mitano, sasa wewe mgema hebu nieleze," nami nikamwapia kwamba nauza na sinywi, na tangu siku hiyo, bibi, nasema mbele ya Mungu, sijamaliza hata kata moja ya mnazi.

Sasa mambo yalianza pale hoteli moja mpya ya Diani ilipotaka mtu wa kupanda minazi na kuangua nazi zote kabla hazijaanguka zenyewe, kwa sababu nazi moja ilianguka kando ya mzungu aliyelala kuota jua, haikumgusa hata kidogo lakini alilia sana, na mimi nikatajwa kwamba hakuna anayenishinda kupanda, nikaitwa, nikakubaliwa, ila wakasema kila mfanyakazi lazima kwanza apimwe afya. Nikaenda hospitali, daktari akanifinya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, akaniuliza, "Unakunywa pombe?" nikamjibu bila kusita, "La, daktari, sinywi," akaandika, nikatolewa damu, damu ikapelekwa Mombasa.

Nilipoitwa kuchukua majibu nikapewa karatasi, nikaitazama mwenyewe, mstari mmoja umeandikwa arobaini na mimi nimepata mia moja na hamsini na sita, mstari wa chini yake umeandikwa arobaini tena na mimi nimepata themanini na nane, na mimi bibi nimesoma mpaka darasa la nne na tangu nizaliwe sijapata hesabu zaidi ya kumi na mbili, basi moyo ukaruka, nikajua nimepita. Dresa wa pale, yule msaidizi wa daktari, Suleiman, mtu wa Kinondo, alinikimbilia mpaka mlangoni akiita, "Bwana! Bwana, hebu ngoja!" nikampungia mkono nikidhani ananipongeza. Nikarudi nikaibandika karatasi kwenye nguzo ya mangwe, nikatangaza kwamba leo kila mtu ana kata moja ya bure, watu wakanibeba juu, na mzee mmoja aliyewahi kuwa karani akavaa miwani akaisoma karatasi akasema katika maisha yake yote hajaona mtu kupata mia moja na hamsini na sita kati ya arobaini, na kwamba serikali ingefaa ijulishwe.

Kesho yake Suleiman akaja kwa baiskeli, jasho linamtiririka, akaiona karatasi kwenye nguzo, akaibandua. Kanze naye alikuwa amekuja kuniletea chakula, yuko pale pale na sufuria yake kichwani.

"Bwana, huu si mtihani," Suleiman akaniambia. "Ini lina vitu vyake vya kufanyia kazi, vinakaa humo humo ndani. Likiumizwa, vinavuja vinaingia kwenye damu, na hivyo ndivyo vilivyohesabiwa huko Mombasa. Mtu mwenye ini salama hapiti arobaini. Wewe umepita karibu mara nne."

Nikamuuliza, "Na ni nani aliyeliumiza?"

Akaitazama mitungi ya mnazi, akanitazama mimi, kisha akatazama chini, akasema daktari anataka nirudi Jumatatu tarehe kumi na saba Aprili nitolewe damu tena, na mpaka siku hiyo pombe isipite mdomoni mwangu, na kazi ya hoteli itangoja.

Kanze akateremsha sufuria. Akasema, "Miaka kumi na mmoja, Baba Mbodze." Nikamwambia, "Mama Mbodze, haki ya Mungu sijanywa, karatasi imekosea." Akaniambia, "Karatasi imetoka Mombasa, haikujui wala hainijui, itakusingizia kwa faida gani?" Na tangu siku hiyo hasemi na mimi, anasema na kuku. Chakula kikiwa tayari anamwambia kuku, "Wewe kuku, kamwambie mlevi ugali unapoa," na kuku naye ananitazama kama aliyeelewa. Amesema, yaani amemwambia kuku, kwamba damu ya pili ikitoka mbaya yeye na watoto siku hiyo hiyo wanakwenda Jego, hazungumzi na mtu wala habembelezwi na wazee.

Bibi, nimeonewa! Wateja wangu wote ni mashahidi. Mimi ni mtu wa kufuata desturi, si kama hawa wauzaji wa siku hizi wanaomsukumia mtu kata kama wanamlisha ng'ombe, mimi kila kata ninayompa mtu napiga kwanza funda moja la kutoa sumu mbele ya macho yake, kama walivyofanya wazee wetu, ili ajue hakutiliwa kitu, ndipo nampa, na wote wanaona kwamba baada ya lile funda moja kata inatoka mkononi mwangu hairudi tena. Wateja thelathini kwa siku, kila mmoja kata tatu, Jumamosi huzidi, na sijaruka hata moja, hata siku nilipoumwa na jino. Mtu mwaminifu namna hii anaitwaje mlevi? Ni kweli jioni nikifunga mwili huwa mwepesi na huwa naimba, lakini ni furaha ya kumaliza kazi. Ni kweli asubuhi mikono hunitetemeka mpaka nifungue mangwe, lakini hiyo ni ya kupanda minazi. Na ni kweli mara mbili tatu nimelala na viatu, basi je, viatu si vyangu?

Dawa pia nimetafuta. Nimekula maini ya mbuzi kila siku tangu siku ile, ili yazibe panapovuja, mpaka mwenye bucha ananiita mkwe. Fundi mmoja wa miti shamba kanipa mizizi ya kusafisha ini, nachemsha nakunywa vikombe vitatu kwa siku, michungu ajabu, na kwa kuwa asubuhi kichwa huniuma basi nameza na vidonge vya dukani, vinne, siku nyingine sita. Nafuu siioni.

Sasa ushauri ninaotaka ni huu. Ninaye mdogo wangu wa tumbo moja, anaitwa Kalama, mtu wa kanisa, hata soda hanywi kwa sababu humjaza gesi, na tumefanana mpaka mama marehemu alikuwa akimchapa yeye kwa makosa yangu. Nimefikiri tarehe kumi na saba Kalama aende na kadi yangu, atoe mkono wake, itolewe damu safi, Kanze aone karatasi nzuri, afungue kamba kwenye kiti, yaishe. Kalama mwenyewe amekubali kwa beberu mmoja, lakini anaogopa sindano, Krismasi iliyopita alizimia kuku alipochinjwa, na mimi sitaki azimie kwa jina langu. Je bibi, kwa kuwa sisi ni damu moja, huo ni udanganyifu kweli? Na mtu wa kuzimia hupewa nini asizimie?

Nampenda Kanze, bibi. Sijui kusema maneno haya mbele yake lakini kwako nasema. Akienda Jego nitabaki na yule kuku. Nisaidie haraka.

Ni mimi,
Asiyekunywa, Mwabungo

*

Mwanangu Asiyekunywa,

Marahaba. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, lakini ulinitajia mangwe, kisima, paa, mkeo, nduguyo na hata kuku, ikanibidi nibadilishe karibu kila kitu humu ndani isipokuwa ini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni kuona kama nimepatwa na jambo. Mara ya pili nilipofika kwenye yale mafunda yako sikucheka. Nikaagiza jagi la maji na chupa tupu ya soda. Nikapiga funda, nikalitema ndani ya chupa. Nikapiga la pili, nikatema. Mhariri akaja tena, akasimama, akaondoka zake taratibu. Na mimi, mwanangu, ni mwanamke wa miaka sitini na mbili niliyepungukiwa na meno ya mbele, funda langu si la kutisha. Mafunda kumi, chupa ikajaa.

Haya, darasa la nne, tupige hesabu. Wateja thelathini, kila mmoja kata tatu, hizo ni kata tisini. Kila kata funda moja, hayo ni mafunda tisini. Mafunda kumi ni chupa moja. Salaale! Chupa tisa za soda zilizojaa mnazi, kila siku iendayo kwa Mungu, na Jumamosi huzidi, kwa maneno yako mwenyewe! Wewe si kwamba hunywi. Wewe katika mangwe yako ndiye mnywaji mkubwa kuliko wote, tena wa bure, tena uliyesimama. Hao wateja wanaokunywa kata tatu wakaenda zao nyumbani ni watoto mbele yako.

Umeniambia hujamaliza hata kata moja. Nakuamini. Lakini ini halijui habari za kata. Halina pa kuchungulia likaona kama ulimaliza au ulibakiza, wala halijui lile funda ulilipiga kwa kiu au kwa heshima ya wazee. Linapokea kilichopita kooni, basi.

Sasa karatasi yako. Sikutaka kubahatisha, mambo ya damu si ya kubahatisha, nikaenda kwa daktari mmoja ninayemwamini nikamsomea barua bila kukutaja. Alipofika kwenye mia moja na hamsini na sita kati ya arobaini aliomba maji ya kunywa. Kisha akaacha kucheka akanieleza, nami nakueleza wewe, usikilize.

Suleiman amekwambia kweli tupu. Hesabu ikipanda maana yake ini linaumizwa. Lakini haisemi peke yake ni nani anayeliumiza, wala haisemi kwamba limekwisha. Ukikuta maji sakafuni unajua mtungi unavuja, lakini lazima uuinue uutazame ndipo ujue umepasuka wapi na kama unazibika. Huenda ni mnazi. Zinaweza kuwa dawa. Inaweza kuwa mizizi. Yako magonjwa ya ini ya kuambukiza ambayo mtu huyapata hata kama hajui pombe ina rangi gani. Hata kazi ya kuchosha misuli sana, kama hiyo ya kupanda minazi mchana kutwa, inaweza kuipandisha hesabu moja katika hizo mbili, kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya kutolewa damu usipande mnazi wa mtu yeyote. Ndiyo sababu daktari hakukwambia unakufa wala hakukwambia uko salama, amekwambia rudi. Kule kurudi ndiko kunakomwonyesha kama hesabu inashuka, imesimama au inapanda, na kama haishuki kuna vipimo vingine atakavyotaka. Na ini, mwanangu, likiachiwa nafasi mapema hujiponya kwa kiasi cha kushangaza. Lako hujaliachia hata asubuhi moja.

Badala yake umeliongezea mzigo! Maini ya mbuzi ni kitoweo, yale na ugali, mwenye bucha afurahi, lakini hayazibi kitu. Mizizi ya fundi acha leo. Miti shamba siitukani, bibi yangu mwenyewe alinilea nayo, lakini kitu usichokijua hata jina lake, vikombe vitatu kwa siku, juu ya ini lililokwisha kuumia? Beba huo mzizi uliobaki ukamwonyeshe daktari. Na vidonge vya dukani, vinne, sita, bila kuulizwa na mtu, navyo acha, beba na pakiti yake umwonyeshe. Kichwa kinachouma kila asubuhi kina sababu yake, na sababu hiyo umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako.

Ila hapa nyamaza kabisa unisikilize, maana hapa sitanii. Umesema mikono hukutetemeka asubuhi mpaka ufungue mangwe. Hiyo si minazi. Huo ni mwili unaodai funda lake la kwanza. Mwili uliozoea hivyo ukinyimwa ghafla unaweza kufanya fujo kubwa: jasho, kutetemeka mwili mzima, kuona vitu visivyokuwepo, hata kifafa. Kwa hiyo usije ukajifungia chumbani ukaacha kishujaa peke yako. Kesho asubuhi, kabla ya mangwe, nenda kwa Suleiman. Mwambie, "Dresa, nilimwambia daktari sinywi, nimegundua nakunywa chupa tisa." Atakupeleka kwa daktari, daktari atakuambia uache namna gani na akuangalie vipi. Hawatakucheka. Na wakicheka, wamekwisha kuona mengi, watamaliza wakutibu.

Na siku yoyote, iwe kabla ya miadi au baadaye, macho yakiingia manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo likianza kujaa, ukitapika damu au watu wakikwambia unapayuka, usingoje tarehe, usimwandikie Bi Mwanaima, nenda hospitali wakati huo huo.

Sasa huyu Kalama wako. Loo! Mwanangu, una akili ya kugema mnazi mrefu kuliko yote Mwabungo halafu unaniuliza jambo kama hili. Kalama akitoa damu safi, daktari atasema haya, amepona, atafunga faili. Kalama atarudi na beberu wake. Wewe utarudi na ini lako, linavuja vilevile, na sasa hakuna mtu duniani anayelitafuta. Na je, damu ya Kalama ikikutwa na jambo lake mwenyewe? Atatibiwa kwa jina lako, au wewe utatibiwa ugonjwa wa Kalama? Ndiyo, ni udanganyifu, na mbaya zaidi ni udanganyifu wa kipumbavu, maana unayemdanganya ndiye anayetaka kukuponya. Na dawa ya mtu wa kuzimia ni kumwacha kwao akae. Mpe salamu zangu.

Utaniuliza, "Na desturi je? Wateja watasema nimewatilia sumu." Desturi isikuhangaishe, ni njema na mimi siivunji. Sumu inatolewa na mtu yeyote anayekunywa mbele ya watu kutoka mtungi ule ule. Wewe teka mbele ya macho yao, kisha waulize wao wenyewe, "Nani leo atatuonjea mtungi?" Utaona mikono itakavyoinuka. Watapigania kazi hiyo, itabidi uwawekee zamu. Mtungi mmoja, funda moja, mtu mmoja, na mtu huyo, daktari akishakuelekeza, asiwe wewe tena, hata Krismasi. Na hoteli ikikuchukua, afadhali zaidi, nazi hazihitaji kuonjwa.

Nimekuwekea jambo la mkeo mwisho kwa sababu ndilo lililokufanya uandike ukiwa umesimama.

Unadhani Kanze amekasirika. Amekasirika, ndiyo, na ana haki, lakini chini ya hasira yake kuna kitu kingine na nashangaa mume wa miaka kumi na mmoja hukioni. Kanze anaogopa. Ameona tumbo la baba yake likijaa, ameona yale macho, alikuwa msichana, hakuweza kufanya lolote. Baba yake alikufa ana miaka arobaini na mitano. Wewe una miaka mingapi? Hebu rudia barua yako usome. Anafunga kiti kamba kwa sababu hataki kuwa pale akiona mara ya pili. Anasema na kuku kwa sababu akisema na wewe atalia.

Kwa hiyo usimpelekee karatasi nzuri. Mpelekee ukweli, nao ni huu: hukumdanganya yeye, ulijidanganya wewe. Mwite, mkae, na kama kiti bado kimefungwa kaeni chini. Chukua jagi la maji na chupa tupu. Piga funda mbele yake, tema, piga tena, tema, mpaka chupa ijae, kisha mwambie, "Mama Mbodze, nilikuwa nakunywa tisa za namna hii kwa siku na sikujua." Atakasirika upya, mwache. Pengine atacheka, umshukuru Mungu. Mwongo si rahisi kukaa naye nyumba moja, lakini mjinga aliyekubali kuwa mjinga, wanawake wa pwani tumekaa naye tangu zamani.

Kisha mwambie na yale maneno uliyoniambia mimi, kwamba unampenda. Umeyaandika vizuri tu, hayana kosa hata moja. Mimi ni mtu wa gazeti, hayanihusu, yeye ndiye mwenyewe.

Na mwombe kitu kimoja: kabla ya kwenda Jego, aende nawe hospitali. Aingie ndani, si kungoja nje chini ya mwembe. Daktari aseme na masikio yake, si kwa kupitia wewe, maana wewe kwa kusoma karatasi umekwisha kuonyesha unavyojua. Hesabu zikishuka, aone zimeshuka. Zikiwa bado juu, ajue kinachofuata na lini mnarudi tena. Mwanamke anayejua kinachofuata hana haja ya kukimbia.

Tarehe kumi na saba, mwanangu, mkono utakaochomwa sindano uwe wako. Ule mwingine mpe Kanze aushike.

Bi Mwanaima